Mpiga Simu wa Kirolirwe

Msomaji wangu, Jumapili iliyopita tuliachana mlango wa ghala la jibini ukifunguka. Athanasie, mtangazaji wa Redio Kilima ya pale Sake, alitolewa uani mikono imefungwa kwa kamba. Mbele yake, ukutani, walikuwa wamepangwa wachungaji wa Kirolirwe.

Mmoja kati yao ndiye aliyekuwa akitafutwa. Na aliyemjua alikuwa Athanasie peke yake.

"Angalia hawa wanaume, Mama," alisema Major Jean-Luc, mkubwa wa wenye silaha walioushika mji. "Moja kati yao anapenda kusema ku redio. Leo atasema mbele yako."

Kwa wewe uliyechelewa kujiunga nasi, habari ni fupi.

Magloire, mume wa Athanasie, alikuwa mkulima wa maharagwe. Alipigwa risasi kwenye barabara ya Kirolirwe akishusha magunia kwa chukudu, baiskeli yake ya mbao isiyo na pedali. Wakubwa wa mji wakatangaza kwamba waliomuua ni majambazi. Watu wakaitikia, maana siku hizi kuitikia ni njia ya kufika nyumbani.

Kisha Jumamosi moja, katika kipindi cha simu cha Athanasie, sauti ya mwanaume ilisema hewani: "Haikukuwa majambazi. Nililala mu majani na ng'ombe zangu. Nilisikia mukubwa yao anawaambia wapige. Ilikuwa askari ya bariere, wale wanafunga barabara."

Hivyo ndivyo Athanasie alivyojua jinsi mumewe alivyokufa. Hewani, kipaza sauti kikiwa wazi.

"Asante kwa simu yako, Papa," alijibu. Kisha akasoma bei ya maharagwe.

Sauti ile aliitambua tangu neno la kwanza. Ilikuwa ya Papa Ndayambaje, mfugaji aliyekuwa akimletea maziwa mlangoni miaka na miaka. Wimbo uliofuata haukuwa umeisha, tayari Athanasie alikuwa ameifuta namba kwenye simu ya studio. Askari wa Major walipomkamata, hakutaja jina.

Sasa turudi uani.

"Kila muntu atasema neno moja," Major alieleza. "Atasema: nililala mu majani na ng'ombe zangu. Weye, Mama, utasikiliza. Kazi yako iko masikio, ao siyo?"

Wa kwanza alikuwa mrefu, mwenye kofia ya sufi. Alisema maneno yale haraka kama mtoto anayesomeshwa sala. Major hakumtazama yeye. Alimtazama Athanasie usoni, akamuuliza kama ndiye.

"Njo yeye?"

"Hapana."

Wa pili alikuwa mzee, Papa Rugamba. Aliamriwa mara mbili.

"Ng'ombe gani?" alisema. "Mulishaikula yote."

Askari mmoja alicheka. Major akageuza shingo, na kicheko kikafa.

"Sema vile nimekuambia, muzee."

"Nililala mu majani na ng'ombe zangu," alisema Rugamba. "Zamani."

"Njo yeye?"

"Hapana."

Wakaendelea hivyo. Mmoja alikuwa na kigugumizi kwa woga, mwingine alikuwa na kikohozi. Athanasie alikuwa akimtazama nzi kwenye mdomo wa kopo la maziwa lililotupwa pembeni. Nzi aliingia, akatoka, akaingia.

Kisha zamu ikamfikia Ndayambaje.

Alikuwa amevaa buti zake zilezile za mpira, moja imeshonwa kwa uzi mwekundu. Hakubadilisha sauti. Hakuikaza wala kuilegeza. Aliisema sentensi ile kwa sauti iliyokuwa ikiita mlangoni kwa Athanasie kila asubuhi: hodi, Mama, maziwa.

"Nililala mu majani na ng'ombe zangu."

Major alisogea mpaka pumzi yake ikamfikia Athanasie shavuni.

"Njo yeye?"

Watu wa mtaa walikuwa wamemsema sana Athanasie kwenye msiba. Walisema hakumlilia mumewe. Walisema mwanamke gani huyu, macho makavu mbele ya kaburi. Na ni kweli hakulia. Tangu siku ile moyo wake ulikuwa umekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Unaugusa, unajua ni wako, lakini hausikii kitu.

Major aliutafuta uso ule. Alitafuta jicho litakaloruka, mdomo utakaocheza. Hakupata kitu, kwa kuwa hakikuwepo.

"Hapana," alisema Athanasie.

Major akapita kwa mchungaji aliyefuata.

Walipomaliza wote, alirudi akiwa ametulia. Akamfungua Athanasie kamba kwa mkono wake mwenyewe, akamketisha juu ya kreti. Hapo, msomaji wangu, ndipo alipotoa karata aliyokuwa ameificha.

"Mama, nakuhurumia," alisema. "Hauelewe. Ule muntu hakuona kitu. Ule muntu njo alimuua bwana yako."

Athanasie aliinua macho.

"Juu ya nini anajua yote?" Major aliendelea, taratibu. "Fasi bwana yako aliangukia, saa, namna walipiga. Juu alikuwa pale na bunduki. Alikupigia simu kwa kukuzungusha. Na weye unamulinda! Nipe jina tu, na leo hii nitakupa haki yako mbele ya macho yako."

Wachungaji walisikia. Hakuna aliyejongea. Ndayambaje alikuwa akitazama chini.

Ungefanya nini wewe? Sema kweli.

Athanasie aliitafuta hasira, hakuipata. Alimkumbuka Ndayambaje siku ya maziko, alivyopokea jembe na kuchimba pamoja na wakulima, nao wakimtazama kwa pembe ya jicho, yeye mfugaji. Lakini muuaji naye anaweza kuchimba kaburi. Hilo alilijua. Hakuwa na namna ya kuapa kwamba Major anasema uongo.

"Kama iko muuaji," alisema hatimaye, "apelekwe ku tribinali. Asikilizwe, na mwenye kumushitaki asikilizwe. Hapa haiko tribinali. Hapa iko fasi ya jibini."

"Kwa hiyo unamujua."

"Sijue."

Major alisimama, akapangusa suruali.

"Sawa. Basi wote watabaki ndani. Siku utakumbuka, watatoka. Kama hautakumbuka…" Aliwaonyesha askari wake mlango wa ghala, na wachungaji wakaingizwa gizani mmoja baada ya mwingine, Papa Rugamba akishikwa mkono asijikwae.

Kesho yake mchana, katika chumba cha pembeni walikomfungia Athanasie, alikuja Théophile.

Théophile ndiye mkurugenzi wa Redio Kilima, mtu wa miwani na shati la kola. Alikuwa amebeba bugali ya muhogo na sombe ya majani yake kwenye bakuli lenye kifuniko. Jicho lake moja lilikuwa limevimba na kufumba.

"Walikupiga," alisema Athanasie.

"Kidogo."

Alimwekea chakula mbele yake. Athanasie alikitazama. Alijua ni chakula, alijua hajala tangu alipokamatwa. Hakuona sababu ya kunyoosha mkono.

"Gaëlle iko muzuri?" aliuliza. Huyo ni binti yake, aliyempeleka Walikale kwa nyanya yake mara tu baada ya msiba.

"Iko muzuri. Nilimupigia. Anakuuliza, nilimuambia uko kazini." Théophile akashusha sauti. "Dada, watu wa mutaa wanasema mubaya. Wanasema unamuficha muntu ya ng'ombe, na bwana yako alikuwa mulimaji kama siye."

"Muntu ya ng'ombe njo alisema namna bwana yangu alikufa. Siye walimaji tulisema nini?"

Théophile akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Major amenituma," alisema. "Anataka uchague. Jumamosi utarudi ku emisyo yako ya simu, utasoma maneno atakupa: majambazi njo walimuua Magloire, ule wa simu alidanganya. Ukisoma, anafungua wachungaji wote na jina hataulizia tena. Ukikataa, anawapeleka ku musitu."

Ku msitu. Kila mtu wa Sake anajua maana yake. Anayepelekwa huko haletwi tena.

"Na weye unasema nini, direkta?"

"Miye?" Théophile alicheka bila furaha. "Mu semina kule Goma walitufundisha: hakuna muntu anaweza kukulazimisha uwe na maoni ambayo haiko yako. Hata serikali. Hata vita ikiwa. Kusema, wanaweza kuwekea mipaka kwa sheria, lakini kuwaza, hapana. Nilibandika karatasi yao mu studio. Walitupatia na cheti." Akalisogeza bakuli karibu naye. "Sijue niseme nini, dada. Wale wanaume wana watoto."

Sauti ya Athanasie ilipotoka ilikuwa bapa, kama mtu anayepanga safari ya sokoni.

"Muambie nitasoma. Lakini wachungaji watoke leo. Niwaone kwa macho yangu wanatoka. Wakiguswa ku njia, sitafungua mudomo tena, hata anipige namna gani."

Major alikubali. Kwa nini asikubali? Wachungaji alijua pa kuwapata. Na mwanamke alibaki mkononi mwake.

Waliwatoa jioni ile ile, jua likiwa bado juu ya mlima. Athanasie alisimamishwa karibu na lango. Askari walikuwa wakiwaharakisha watu, lakini Papa Rugamba alisimama, akavua kofia, akampa Athanasie mikono yote miwili.

"Pole ya Papa Magloire, Mama."

Hakuna askari anayeweza kukataza pole. Hata hawa wana mama zao. Basi wachungaji wakapita mmoja mmoja, kila mmoja akatoa mikono, kila mmoja akasema neno lake la msiba.

Ndayambaje alikuwa wa mwisho. Aliinama chini kuliko wengine, mdomo karibu na sikio la mjane.

"Mama, tunapeleka familia Walikale," alinong'ona. "Tukifika salama, bibi yangu Mutesi, mama ya watoto yangu, atakupigia ku emisyo. Atasema maziwa imefika."

"Muende muzuri, Papa."

"Kuko kingine." Mikono yake ilikaza. "Jana mu lupango, pale ku ukuta, nilimusikia ule mukubwa wakati anasema. Ile sauti siwezi kuisahau. Mu majani, ile siku, njo ile sauti ilisema wapige. Njo yeye, Mama. Njo Major."

Askari akampiga kumbo, naye akaenda.

Athanasie alibaki langoni. Major alikuwa hatua chache nyuma yake, akivuta sigara, akiongea na dereva kuhusu tairi.

Athanasie alingoja kitu kiinuke ndani yake. Chuki, kichefuchefu, kilio. Alisubiri kama mtu anayesubiri maji kwenye bomba lililokatwa. Alimsikia Major akisema tairi la nyuma limeisha. Akarudi mwenyewe chumbani alikokuwa amefungiwa, akalala akitazama ukuta.

Siku zikapita. Harufu ya jibini kuukuu ikaingia kwenye nguo zake mpaka akaacha kuisikia. Major alikuja mara moja kumsomea maneno ya kutangaza, akamrekebisha mahali pa kutua. Alikuwa na adabu sana. Alimwita Mama. Athanasie alikuwa akiuangalia mdomo wake ukifunguka na kufungika, akijua ni mdomo gani, na mikono yake mwenyewe ikiwa imelala mapajani kama vitu vya mtu mwingine.

Jumamosi ikafika.

Studio ya Redio Kilima ni chumba kimoja chenye magodoro yaliyopigiliwa ukutani kuzuia kelele. Kuna meza, vipaza sauti viwili, kiti cha mtangazaji na kiti cha mgeni. Nyuma ya kioo hukaa Théophile na mashine zake. Major aliingia na askari mmoja, akamwacha mlangoni, akaketi kwenye kiti cha mgeni.

Akaiona karatasi ukutani. Akaisoma kwa sauti, polepole.

"Kila muntu iko na haki ya kuwa na maoni yake, na kuyasema, na kutafuta habari…" Alimgeukia Théophile kupitia kioo. "Nani aliandika hii?"

"Mataifa, mon Major. Dunia nzima."

"Dunia nzima." Major alitikisa kichwa kama anayesikia jina la mtu asiyemkumbuka. "Na sasa iko wapi?"

Théophile alitazama mashine zake.

"Mama, nisikilize," Major alisema. "Maoni yako, baki nayo. Uwaze unachotaka, usiku na muchana, sitakukataza. Miye nataka mudomo yako tu."

Taa nyekundu ikawaka.

Athanasie alivaa kaske za kusikilizia masikioni. Aliwasalimu wasikilizaji wa Sake, wa Shasha, wa Minova, na wa vilima vya Masisi, kama alivyozoea. Kisha akasoma.

"Mume wangu Magloire aliuawa na majambazi. Mtu aliyepiga simu katika kipindi hiki alidanganya. Redio Kilima inaomba radhi kwa wakubwa wa mji."

Hakukosea hata silabi. Alitua pale alipofundishwa kutua. Nyuma ya kioo Théophile alikuwa ameinamisha kichwa, mkono juu ya miwani.

"Muzuri," Major alinong'ona. "Sasa fungua simu. Watu watoe maoni."

Alisema neno lile bila kucheka, msomaji wangu. Maoni.

Simu ya kwanza ilikuwa ya mwanaume aliyewashukuru wakubwa kwa usalama, akakata kabla hajaulizwa jina. Major alitikisa kichwa kwa kuridhika.

Simu ya pili ilikuwa ya mwanamke.

"Niko Rosalie, ya Shasha. Nauzisha samaki."

"Karibu, dada Rosalie."

"Mama Athanasie, nimekusikia." Mawimbi ya ziwa yalisikika nyuma yake, na mtu akipigia kelele bei ya samaki. "Nimekusikia muzuri sana. Na siye wote huku ku mwalo tumekusikia. Ile haikukuwa weye. Pole, mama yangu."

Akakata.

Major aliacha kutikisa kichwa. "Ule iko nani?"

"Muuza samaki," alisema Athanasie.

Simu ya tatu ilichelewa. Théophile aliweka wimbo mfupi. Major alitoa simu yake mfukoni, akaanza kusoma ujumbe, kidole kikipanda na kushuka.

Kisha taa ya laini ikawaka.

"Hodi, redio," ilisema sauti ya mwanamke, mbali, yenye mikwaruzo. "Niko Mutesi. Napigia Walikale."

Kidole cha Major kikasimama.

"Walikale?" alisema, mkono umefunika mdomo. "Redio hii inafika Walikale?"

"Kuko wenye kusikilizia ku telefone," Athanasie alijibu akiwa amekizima kipaza sauti chake, kisha akakifungua tena. "Karibu, Mama Mutesi. Uko na neno gani?"

"Neno kidogo tu. Nasalimia ndugu zetu. Na nasema maziwa imefika. Yote. Hakuna hata tone ilimwagika."

"Asante, Mama Mutesi."

"Asante na weye. Mungu akulinde."

Laini ikakatika. Major aliitazama ile simu ya studio, akamtazama Athanasie. Alikuwa kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa sokoni, asijue limetoka upande gani.

"Maziwa gani?" aliuliza.

Athanasie alikivuta kiti chake karibu na meza.

Wamefika. Rugamba, yule wa kofia ya sufi, wa kikohozi, na Ndayambaje na buti zake. Wote. Na Gaëlle yuko huko huko, ambako askari hawa hawafiki. Hapakuwa tena na mateka mkononi mwa Major ila Athanasie. Na Athanasie, alipojipima, aliona hana woga. Hakuwa shujaa, niseme ukweli. Woga nao ni kitu cha kuhisiwa, na yeye hakuwa akihisi kitu.

Kazi yake tu ndiyo aliyoikumbuka. Mgeni akiwa studioni, mtangazaji humtambulisha, kisha humuuliza swali.

Alinyoosha mkono. Akaisukuma juu swichi ya kipaza sauti cha mgeni.

"Wasikilizaji," alisema, "leo hatuko peke yetu. Tuko na mugeni mu studio. Major Jean-Luc, karibu ku Redio Kilima."

Major aliinua kichwa kwa ghafla. Nyuma ya kioo Théophile aliinuka, kiti kikaanguka. Akatikisa kichwa: hapana, dada, hapana. Lakini mkono wake haukuzima mashine.

"Zima," Major alisema kwa midomo tu, bila sauti. Alikuwa ameshakumbuka kwamba wanasikika.

"Major, mugeni wetu," Athanasie aliendelea kwa sauti ileile aliyosomea bei ya maharagwe. "Wasikilizaji walisikia maneno nimesoma. Miye niko na swali moja ya kuuliza, juu niko mujane wa Magloire na niko mutangazaji. Siku bwana yangu alikufa ku barabara ya Kirolirwe, weye ulikuwa fasi gani?"

Hewa ikabaki tupu.

Pale Sake, njia panda, wauza mihogo waliacha kumenya. Dereva wa lori la Minova alizima injini ili asikie. Huko Shasha Rosalie alishika redio kwa mikono miwili, samaki wake wakipigwa na jua.

Askari wa mlangoni alimtazama mkubwa wake, akingoja ishara. Ishara haikuja. Major akinyamaza, kimya chake kingesikika mpaka Minova. Akitoka, wangesikia mlango. Na risasi, ndani ya chumba kile cha magodoro, kipaza sauti kikiwa wazi, ingeingia katika kila nyumba yenye redio. Ndani ya nyumba hizo zote, ni nani mwingine aliyekuwa amelala majanini siku ile? Ni nani mwingine angeitambua sauti ya Major akitamka hata neno moja?

Major hakujua. Jasho lilimtoka juu ya mdomo.

Athanasie alimtazama, na jambo la ajabu likamjia, dogo sana, ambalo hakulitarajia. Alisikia njaa. Tumbo lilimuuma kwa njaa ya kweli, ya mtu aliye hai, kwa mara ya kwanza tangu maziko.

"Tunakusikiliza, Major," alisema. "Watu wanangoja."

Mkono wa kulia wa Major Jean-Luc ukashuka polepole mpaka kwenye bastola kiunoni, na kwa mkono wa kushoto akakivuta kipaza sauti karibu na mdomo, akaanza kusema hewani kwa sauti yake mwenyewe.